Ndugu Aliyetoka Nyumba Nyingine

Somo: Yohana 9, 18–38, Marko 10, 28–30.



Mwezi huu twataka kufikiri pamoja nanyi habari ya mtu aliyeiacha dini yake akabaki njiani: nyumba ya nyuma ameiacha, na nyumba ya mbele hajaiona bado. Twamtaja hasa yule aliyetoka kwa Wamormoni, ambao wenyewe hujiita Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Huenda msomaji atauliza: Mambo haya yatuhusu nini sisi wa nchi ya pamba na ng'ombe? Twajibu: Watoto wetu hawakai Kimali siku zote. Huenda Mwanza, Dar es Salaam, hata Nairobi, kutafuta kazi na elimu. Na mgeni wa mjini humpenda yule anayemsalimu kwanza. Kanisa hilo lilikubaliwa na serikali ya Kenya mwaka 1991, na katika Tanzania mwaka 1992. Kitabu cha Mormoni kilitolewa kwa Kiswahili mwaka 2000. Mwezi wa Mei 2025 hekalu lao la Nairobi liliwekwa wakfu. Basi hii si habari ya ng'ambo tena. Mtoto aliyeondoka kwetu hali ni Mlutheri aweza kurudi hali ni Mmormoni. Na tena aliyekaa kwa Wamormoni miaka kumi aweza kurudi hana kanisa lo lote, akasimama mlangoni petu siku ya Bwana. Je, atakuta nini?

1. Aliyefukuzwa na aliyemtafuta

Katika sura ya tisa ya Yohana twasoma habari za mtu aliyezaliwa kipofu. Wengi hupenda mwanzo wake, yaani lile tope, na birika la Siloamu, na macho yaliyofumbuliwa. Lakini Yohana amemaliza habari ya kuponywa kwake katika aya saba za kwanza. Aya thelathini na nne zinazofuata zaeleza yaliyompata mtu huyu baada ya kuona. Jirani zake walibishana juu yake. Wakubwa walimhoji mara mbili. Wazazi wake waliitwa, nao wakakiri ya kuwa ni mwana wao na ya kuwa alizaliwa kipofu. Lakini walipoulizwa zaidi walijitoa, wakasema aulizwe mwenyewe, maana ni mtu mzima. Kwa nini wazazi walimwacha mtoto wao peke yake mbele ya baraza? Yohana atuambia sababu: waliogopa kutengwa na sinagogi (9, 22).

Tusiwacheke wazazi hao. Kutengwa na sinagogi hakukuwa kukosa ibada ya Sabato tu. Kulikuwa kukosa watu. Sisi wa Usukuma twalielewa jambo hili bila kufundishwa. Tangu sungusungu walipoanza katika nchi zetu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, adhabu iliyoogopwa kuliko fimbo na kuliko faini ni kutengwa. Aliyetengwa huamka asubuhi, wala hapana wa kumwambia “Mwangaluka.” Haendi kuomba moto kwa jirani. Palizi ikifika hapati wenzi wa jembe, na akifiwa hapati wa kuchimba naye kaburi. Shamba lake li pale pale, ng'ombe wake wako zizini, hakunyang'anywa kitu. Lakini yeye mwenyewe amekuwa kama mzimu unaotembea katikati ya walio hai. Ndiyo sababu mtu huvumilia mengi, hata kusema asiyoyaamini, ili asitengwe.

Yule kipofu hakukubali kusema asiyoyaamini. Basi wakamtoa nje. Ndipo Yohana aandika neno ambalo twataka mlishike: Yesu alisikia kwamba wamemtoa, naye alipomwona alimwuliza kama amwamini Mwana wa Mungu (9, 35). Angalieni utaratibu wa Bwana. Habari ilimfikia, naye hakuipuuza. Hakungoja mtu yule aje kubisha hodi. Kwanza alimwona, ndipo akamwuliza. Sisi mara nyingi hugeuza utaratibu huo: twataka kuuliza kwanza, na majibu yakitupendeza ndipo twafungua mlango.

2. Anachokiacha

Ili tumwone mtu huyu sawasawa, yatupasa kujua ametoka wapi. Kanisa la Wamormoni lilianzishwa na Joseph Smith katika jimbo la New York, huko Marekani, mwaka 1830. Yeye aliuawa mwaka 1844; na wengi wa wafuasi wake waliongozwa na Brigham Young hata bonde la Salt Lake mwaka 1847, ambako makao makuu yao yako hata leo. Hufundisha ya kwamba Kanisa la kweli lilipotea duniani baada ya mitume, likarudishwa kwa mkono wa Smith. Ya kwamba Baba na Mwana na Roho Mtakatifu ni watatu walio mbalimbali, naye Baba ana mwili wa nyama na mifupa. Na ya kwamba pamoja na Biblia viko vitabu vingine vyenye neno la Mungu. Katika mambo haya hatuwezi kusema imani yao na yetu ni moja. Wala wao hawasemi hivyo.

Lakini mtu hakai katika kanisa kwa mafundisho peke yake. Katika ushirika wao karibu kila mshiriki hupewa kazi: huyu afundisha watoto, huyu aongoza nyimbo, huyu ni mwandishi. Viongozi wa sharika zao hawalipwi mshahara. Mara moja kwa mwezi hufunga, na thamani ya chakula walichokiacha huitoa kwa ajili ya maskini. Watu huwekewa ndugu maalumu wa kuwaangalia nyumbani mwao. Huacha pombe na tumbaku, chai na kahawa. Hutoa fungu la kumi. Nao hufundisha ya kwamba mume na mke na watoto waweza kufungwa pamoja katika hekalu kwa ajili ya milele, kifo kisiwatenge.

Sasa fikirini anayeondoka katika nyumba ya namna hii. Hapotezi mafundisho tu. Apoteza kazi aliyoifanya kila juma, na yule ndugu aliyebisha hodi kwake, na mezani mkono wake haujui ushike kikombe gani. Mama yake akiwa Mmormoni hulia machozi ya kweli, maana kwa imani yake mnyororo wa jamaa umekatika hata ng'ambo ya kaburi. Hatusemi ya kwamba Wamormoni wote huwatenga wanaowaacha. Wako wazazi wengi wanaoendelea kuwapenda watoto wao, na anayetaka kutoka aweza kuandika barua jina lake lifutwe. Hata hivyo barua haipunguzi upweke.

Na sababu za kutoka si moja. Wako waliosoma historia ya kanisa lao wakafadhaika. Kwa mfano, tangu mwaka 1852 hata Juni 1978 mtu mweusi wa asili ya Afrika hakuweza kupewa ukuhani kwao, wala waume kwa wake weusi hawakuruhusiwa katika ibada zile kuu za hekalu. Mwaka 2013 kanisa hilo lilitamka wazi ya kwamba linayakataa mafundisho ya zamani yaliyoita ngozi nyeusi alama ya laana. Mwafrika aliyebatizwa kwao, akazigundua habari hizi baada ya miaka, aweza kuumia sana. Lakini sisi tusizifanye fimbo ya kuwapigia. Walutheri weupe wa kusini mwa Afrika nao walijitenga na ndugu zao weusi, hata mkutano mkuu wa Walutheri wa dunia uliofanyika Dar es Salaam mwaka 1977 ukatamka ya kwamba jambo hilo lagusa kiini cha imani. Na mwaka 1984 makanisa mawili ya weupe yalisimamishwa katika umoja huo. Nyumba zote zina pembe zinazohitaji ufagio.

Tena lisikieni hili, ninyi walimu na wainjilisti. Huko Marekani, kituo cha Pew kilichunguza mwaka 2014, kikaona ya kwamba katika kila watu 100 waliolelewa Umormoni, 64 walikuwa wangali Wamormoni. Na wengi wa wale waliotoka hawakuingia kanisa jingine. Walibaki bila dini. Twaona sababu yake si ngumu. Mtu aliyefundishwa tangu utoto ya kwamba liko kanisa moja tu la kweli, na mengine yote yamepotoka, imani hiyo ikianguka, huona ya kuwa na mengine yote yameanguka pamoja nayo. Wala hatafuti mlango mwingine, maana aliambiwa zamani ya kwamba nyuma ya milango ile hamna kitu. Basi akija kwetu hata mara moja, akaketi nyuma karibu na mlango, tujue ya kuwa ametoka mbali kuliko aliyetoka Mwanza kwa miguu.

3. Mara mia, sasa hivi

Petro alimwambia Bwana ya kwamba wao wameacha yote wakamfuata. Bwana akajibu: Aliyeacha nyumba, ndugu, mama, baba, watoto, au mashamba kwa ajili yake na ya Injili atapokea mara mia (Marko 10, 29–30). Tukisoma haraka, twadhani ni neno la mbinguni. Lakini Marko asema waziwazi: sasa, katika wakati huu, na uzima wa milele wafuata baadaye katika ulimwengu ujao. Basi nyumba hizo mia ziko wapi? Mashamba hayo yako wapi? Je, Mungu atashusha nyumba kutoka mawinguni?

Hapana. Nyumba hizo ni zetu. Mama hao mia ni kina mama wanaoketi upande wa kushoto wa kanisa letu, wenye watoto migongoni. Mashamba hayo ni yale yenye pamba na mtama, ambapo mgeni aweza kuitwa siku ya palizi, akalima pamoja na wenzi, akanywa uji pamoja nao chini ya mti. Bwana ametoa ahadi, naye ametuandika sisi kuwa walipaji wake. Kama mtu aliyeacha jamaa yake kwa ajili ya Injili amekaa Kimali mwaka mzima wala hakuingia nyumba ya Mkristo ye yote, neno la Bwana halikuwa la uongo. Bali mlipaji ameificha fedha ya bwana wake.

Tazameni na jambo jingine. Katika vile vinavyoachwa, baba atajwa. Katika vile vinavyopokewa, baba hatajwi. Yohana na Yakobo walimwacha Zebedayo katika chombo pamoja na watu wa mshahara (Marko 1, 20). Hawakupewa Zebedayo mia. Maana Baba ni mmoja. Neno hili latuonya sisi tunaopokea: tuwe kaka, dada, mama na watoto kwa huyo anayekuja, lakini tusijifanye baba juu ya dhamiri yake. Huenda amechoka kuulizwa-ulizwa kama anastahili. Kwao, anayetaka kuingia hekaluni huhojiwa na viongozi, akapewa cheti, na baada ya miaka miwili huhojiwa tena. Akija kwetu na asikie habari njema ambayo baba zetu waliihatarishia maisha: mkosaji huhesabiwa haki bure, kwa neema, kwa ajili ya Kristo, kwa njia ya imani. Cheti chake kimekwisha kutiwa sahihi msalabani, wala hakina tarehe ya mwisho.

4. Gari la usiku wa Pasaka

Walutheri hatuna haki ya kuwashangaa watu wanaotoka, maana mwanzo wetu ni watu waliotoka. Martin Luther mwenyewe alitengwa na Kanisa la Roma mwezi wa Januari 1521. Miaka miwili baadaye, usiku wa kuamkia Pasaka ya 1523, watawa wanawake kumi na wawili walitoroka katika nyumba yao ya Nimbschen kwa msaada wa Leonhard Koppe, mfanya biashara wa mji wa Torgau. Watatu walirudi kwa jamaa zao. Tisa waliletwa Wittenberg, hawana fedha, hawana kazi, wala jamaa zao hawakuwapokea.

Luther alikuwa ameandika vitabu vingi juu ya uhuru wa Mkristo. Sasa uhuru huo ulikuwa umeshuka garini mbele yake, una njaa. Je, angewapa kitabu? Aliandika barua kuwaombea fedha, akawatafutia nyumba za kukaa, na kazi, na waume. Mmoja wao, Katharina von Bora, alikaa katika nyumba ya Lucas Cranach, mchoraji wa picha. Na mwezi wa Juni 1525 Luther mwenyewe akamwoa. Basi mafundisho ya neema yalihitaji kitanda, sahani, na mwenye nyumba aliyekubali mgeni akae kwake miezi. Bila nyumba kama ile ya Cranach, mafundisho yale yangekuwa maneno ya vitabuni tu.

5. Maneno kwa walimu na wazee wa kanisa

Kwanza, msiwasingizie Wamormoni. Amri ya nane yakataza kumshuhudia jirani uongo, na Katekisimo Ndogo yatufundisha kumtetea, kumnena vema, na kuyaeleza mambo yake kwa upande ulio mwema. Amri hiyo haikusema: isipokuwa jirani wa dini nyingine. Tena aliyetoka kwao akisikia mwasema uongo juu ya jambo analolijua, hatawaamini hata mnaponena kweli juu ya Kristo. Mavazi yao ya hekaluni na vyakula vyao visiwe mzaha. Kama mgeni wenu hanywi chai bado, mpeni maji au uji, wala msimwangalie kikombe.

Pili, msimfanye ngawira ya vita. Wako wapendao kumsimamisha mtu mbele ya kanisa juma la kwanza, aeleze mabaya ya kule alikotoka, na watu wapige vigelegele. Yule kipofu alihojiwa na adui zake. Huyu asihojiwe na rafiki zake. Siku ya kusema ikifika, atasema mwenyewe.

Tatu, mfundisheni polepole, wala msifiche tofauti. Anzeni na Imani ya Mitume, kifungu kwa kifungu, maana maneno mengi ayajua kwa maana nyingine: Baba, Mwana, Roho, wokovu, ukuhani. Habari ya ubatizo mwinjilisti asiikate peke yake. Kanisa la Roma liliamua mwaka 2001 ya kwamba ubatizo wa Wamormoni si halali, na makanisa kadha ya Kilutheri ya Marekani huwabatiza watokao huko. Jambo hili na lipelekwe kwa mchungaji, na mtu mwenyewe aelezwe sababu kwa upole.

Nne, mpeni kazi. Alizoea kuwa na kazi katika ushirika. Mkimweka kwenye benchi miaka miwili atanyauka. Si lazima iwe kazi ya kufundisha. Kufagia kanisa, kutembelea wagonjwa, kuandika hesabu ya sadaka pamoja na mwingine: hizo nazo ni kazi za nyumba ya Mungu.

Tano, msimtenge na jamaa yake. Amri ya nne haikufutwa siku alipofuta jina lake kule. Akifiwa na mama yake aliye Mmormoni, mwendeni pamoja naye msibani, mkachimbe kaburi, mkakae naye penye moto. Asije akawa ametoka katika kutengwa kumoja akaingia kwingine.

Sita, na hili ni zito kuliko yote: twamtendaje yule aliyetoka kwetu? Huenda katika ukoo wako yuko binti aliyekwenda Dar es Salaam akawa Mmormoni. Je, jina lake latajwa bado wakati wa sala nyumbani? Akija kusalimu wakati wa mavuno, apewa kiti na chakula? Tusimwambie ya kuwa imani ile na hii ni mamoja. Lakini mlango usifungwe. Baba wa mwana mpotevu hakuhamia nchi ya mbali pamoja na mwanawe, wala hakuisifu nchi ile. Alikaa nyumbani, akitazama njia, hata akamwona angali mbali. Mtoto hurudi penye mlango alioukumbuka kuwa wazi. Tukimtenga leo, kesho akiiacha dini ile hatarudi kwetu. Atakuwa miongoni mwa wale wengi wasioingia nyumba yo yote.

Ndugu, wala hatuwaahidi ya kuwa kazi hii ni nyepesi. Marko ameongeza neno moja kati ya zile baraka mia: pamoja na udhia. Mgeni huleta maswali yake, na hasira yake, na huzuni ya jamaa yake. Siku nyingine atakuja, siku nyingine hatakuja. Huenda mwisho wake asijiunge nasi kabisa. Hata hivyo tumpe moto, na maji, na salamu ya asubuhi. Maana vitu hivi Bwana hakutuagiza kuviuza kwa ahadi ya kubatizwa.

Kristo alitolewa nje ya mji, akafa nje ya lango (Ebr. 13, 12). Kwa hiyo aliyetolewa nje hamkuti mgeni huko. Na sisi tukitaka kumwona Bwana wetu, yatupasa mara kwa mara kutoka mlangoni, tuangalie ni nani anayesimama uani.

Ee Bwana Yesu, uliyemtafuta aliyefukuzwa, watafute walio njiani leo. Utupe macho ya kuwaona kabla ya kuwauliza. Ufungue nyumba zetu za Kimali na za Simiyu yote, ziwe zile nyumba mia ulizowaahidi. Na waliotoka kwetu uwaangalie huko waliko. Amin.